IST iliyochemka Baruti na laki na tisini na tano za dada yangu

Dada yangu alinipigia simu Alhamisi saa tatu usiku kuniomba nimkopeshe milioni moja na laki sita. Fundi alikuwa amemwambia injini ya gari lake, Toyota IST, inakata roho. Kutengeneza hedi, yaani kichwa cha injini, ni laki saba na themanini, na hata hivyo hana hakika itakaa muda gani, kwa hiyo bora waende Ilala wakachukue injini ya mtumba, wafunge, wasahau. Nilimuuliza swali moja: linachemsha ukiwa umesimama au ukiwa unatembea? Akafikiri kidogo. "Kwenye foleni. Likishaanza kutembea halina neno." Nikamwomba asitoe hata shilingi mpaka Jumamosi.

Mimi si fundi. Nimemiliki magari mabovu matatu, na ada ya shule hiyo nimeilipa mwenyewe. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya dada, bila kutaja gereji wala mtu, kwa sababu mwizi wa gereji tumezoea kumchora kwa sura moja: yule anayechomoa kifaa kizima usiku na kuweka kibovu. Huyu wa dada hakuanza hivyo. Alianza kama fundi yeyote wa mtaani anayetaka kusaidia.

Turudi Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Dada ni mwalimu, anafundisha Manzese, anaishi Kimara. Gari lake ni la 2004, injini ya 1NZ, cc 1,496, yale yale yaliyojaa barabara zetu. Jioni hiyo foleni ilianzia kwenye Daraja la Kijazi pale Ubungo, ikawa ya kusogea na kusimama, kusogea na kusimama. Alipofika Baruti alama ya joto ikawaka nyekundu na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Akaegesha, akazima injini. Hapo alifanya sawasawa kabisa. Kijana wa bodaboda aliyekuja kusaidia ndiye aliyetaka kuleta msiba: alishika kitambaa ili afungue mfuniko wa rejeta, pale yanapopozwa maji ya injini, saa ile ile. Mfuniko huo kazi yake ni kuyabana maji yasichemke yakifika nyuzi 100; yakibanwa hivyo yanaweza kupita nyuzi 115 yakiwa bado maji. Ukiuachia, yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga alimkemea kijana kama mwanawe, akaacha.

Bodaboda huyo huyo ndiye aliyemleta fundi. Fundi alikuja na dumu la maji, akasubiri injini ipoe, akajaza, akachukua elfu kumi, akaongozana na gari mpaka gereji, ambayo ni mitaa mitatu tu kutoka kwa dada. Mpaka hapo sina ugomvi naye.

Jumamosi akatoa hukumu: themostati. Akaitoa na hakuweka nyingine. "Madamu, Dar hii joto lote, themostati ya nini? Hizo wamewekewa Wajapani, kwao kuna barafu." Elfu ishirini na tano. Maneno haya nimeyasikia kwenye gereji nyingi za mji huu, na fundi anayeyasema mara nyingi anayaamini kwa moyo wote. Lakini hebu tazama hesabu yenyewe. Themostati ni kilango ambacho kwa injini hizi hufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huyazuia yasipite kwenye rejeta ili injini ipate joto lake la kazi upesi. Mchana wa Februari hapa Dar, ule wa kumfanya mtu alale sakafuni, ni nyuzi 33 au 34. Moto wa injini unatoka kwenye petroli, hautoki juani. Ukiitoa themostati, injini inachelewa kupata joto, kompyuta yake inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kuongeza petroli, na kwa baadhi ya injini maji hupata njia ya mkato yakazunguka bila kupita kwenye rejeta ipasavyo. Yaani unaweza kuitoa ili gari lisichemshe, na likachemsha kwa sababu umeitoa.

Jumapili gari halikuchemsha. Dada alikwenda kanisani, akapitia sokoni, akarudi salama, fundi akapigiwa simu ya shukrani. Mtego wa kisa kizima ulikuwa hapo. Jumapili haikuwa na foleni. Fundi alitoa dawa, na dawa ikapimwa siku ambayo ugonjwa umelala.

Jumatatu jioni, pale Kona, likachemka tena. Jumanne ikawa wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupozea: elfu tisini na tano ya pampu, elfu arobaini ya ufundi, elfu ishirini na tano ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Alilipa kwa simu akiwa shuleni, jioni akapewa gari na risiti ya kuandika kwa mkono yenye muhuri usiosomeka. Jumatano, Baruti. Alhamisi mchana ikawa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, na kabla jua halijazama ikawa injini nzima.

Ukijumlisha, laki na tisini na tano zilikuwa zimeshatoka, na gari lilikuwa pale pale lilipokuwa Ijumaa.

Jumamosi tuliondoka Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara tupu, kiyoyozi kimezimwa, tukashuka Shekilango mpaka Sinza kwa fundi wa umeme wa magari ninayemwamini. Nilimweleza kwa sentensi mbili. Akasema kupima ni elfu thelathini, tukitengeneza kwake au tusitengeneze.

Dada akanivuta pembeni. "Elfu thelathini ya kuangalia? Kuangalia tu?"

Mtu aliyekuwa tayari kukopa milioni moja na laki sita aliona elfu thelathini ni wizi, kwa sababu mwisho wake haondoki na kitu mkononi. Nilimwelewa, maana nami nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka. Sisi hatulipii kujua. Tunalipia kifaa kinachong'aa ndani ya boksi. Fundi wa Kimara hakuwahi kumdai dada hata senti ya kutafuta tatizo. "Kucheki bure, madamu," ndiyo kauli yake. Sasa yeye anakula wapi? Anakula kwenye spea, kwenye cha juu, yaani anachoongeza juu ya bei ya duka. Fundi wa namna hiyo kila akifungua boneti lazima apate kitu cha kubadilisha, awe amejua tatizo au hajajua. Akikwambia "gari zima, nenda nyumbani," siku hiyo kwake hakupikwi. Bure yake ilimgharimu dada kuliko elfu thelathini za Sinza, na mfumo huo hakuubuni yeye peke yake. Wateja tumeutunza kwa kukataa kulipa maarifa.

Basi, tulilipa. Na jambo la kwanza alilofanya mzee wa watu ni kugoma kugusa gari. Injini ipoe kwanza. Tukakaa kwa mama ntilie tukanywa chai na chapati kwa muda wa saa moja na nusu.

Alianza na oili. Stiki ilitoka nyeusi ya kawaida, haina ile rangi ya chai ya maziwa inayotokea maji yakiingia kwenye oili. Chini ya kifuniko cha oili pakavu. Akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, akawasha, akatuita tuangalie ndani: maji yametulia. Gasketi ikiungua, gesi ya kwenye silinda hupenya kwenye maji na rejeta hutoa mapovu mfululizo kama sufuria ya ugali. Akafunga, akabonyeza mpira wa juu unaopeleka maji kwenye rejeta, ukabonyea vizuri. Gari lenye gasketi iliyoungua mara nyingi mpira huo hujaa upepo na kuwa mgumu dakika chache baada ya kuwasha, hata kabla ya joto.

Halafu akatoa plagi zote nne na kupima kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, silinda moja baada ya nyingine, akaandika kwa kalamu kwenye kipande cha boksi: 190, 185, 190, 188. Kwa geji ya psi, injini hii ikiwa mpya hutoa kama 213, na chini ya 156 ndipo mtu aanze kuhangaika. Lakini alichotuonyesha kwa kidole si ukubwa wa namba, ni jinsi zinavyofanana. Gasketi ikiungua katikati ya silinda mbili, hizo mbili za jirani huporomoka pamoja. Hapa hakuna aliyeporomoka. Kile kipande cha boksi dada amekihifadhi hadi leo kwenye kabati la gari, pamoja na kadi ya bima.

"Haya, sasa tulichemshe," akasema.

Akarudisha plagi, akawasha, akaliacha gari lisimame linaunguruma. Fundi wa kwanza alipaswa kuanzia hapa, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kusimama. Gari linalochemsha likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu linakwambia uangalie rejeta iliyoziba, pampu, mzunguko wa maji. Linalochemsha kwenye foleni na kupoa likitembea linanyoosha kidole kwenye feni, maana likitembea upepo wa barabara unapita kwenye rejeta bila msaada wa mtu, na likisimama hakuna wa kuuleta isipokuwa feni. Joto likapanda. Feni kimya. Akawasha kiyoyozi, ambacho huilazimisha feni izunguke. Kimya vile vile.

Dada akashika mdomo. "Kiyoyozi kina wiki ya tatu sasa kinapuliza joto nikisimama. Nikitembea kinapoa. Mimi nilidhani gesi imepungua."

Feni ile ile inapoza na kondensa, sehemu ya kiyoyozi inayotoa joto nje, iliyo mbele ya rejeta. Kwa hiyo gari lilikuwa limeshajieleza siku nyingi kabla ya Baruti, kwa lugha ya wazi kabisa, na hakuna aliyeuliza. Fyuzi ilikuwa nzima. Akachomoa rilei ya feni, swichi yake ya umeme, akaweka nyingine inayofanana nayo, kimya. Akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye mota, kimya. Akaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka, ikalia kama mlango wa zamani, ikasimama. Kaboni za ndani, zinazopitisha umeme kwenye mota, zimekwisha. Akazima gari kabla halijafika pabaya.

Kisha akachukua tochi na kioo kidogo, akachungulia ubavuni mwa injini kwa muda. Akaniita mimi, dada hakumwita. Boliti za wota pampu zilikuwa na vumbi lililogandamana na oili, ukoko wa miaka, na hakuna spana iliyowahi kuzigusa karibuni. Pampu ya elfu tisini na tano haikuwahi kufungwa. Nilipiga video.

Kuhusu themostati tulikuwa na bahati, kwa sababu fundi wa Kimara alimrudishia dada ile aliyoitoa, kama ushahidi wa kazi. Mzee wa Sinza aliiweka kwenye kopo tupu la maziwa lenye maji, akaomba nafasi kwenye jiko la mama ntilie. (Sufuria yake hakuiomba, kulanti ni sumu.) Maji yalipokaribia kuchemka, kilango kikafunguka mbele ya macho yetu, yalipopoa kikajifunga. Ilikuwa nzima siku zote. Ikarudishwa na mpira mpya wa elfu tatu.

Mota ya feni niliifuata mwenyewe Gerezani, nikiwa na ile mbovu kwenye mfuko wa plastiki na mikono imejaa grisi. Nilipita maduka matatu, la nne nikapata ya mtumba kwa elfu sitini na tano, wakaijaribu kwenye betri pale pale. Muuzaji akatoa kitabu cha risiti, akauliza bila hata kuinua macho: "Niandike ngapi, fundi?"

Nikasema andika sitini na tano. Akainua macho sasa, akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba si yake.

Swali lile ni dogo na lina kila kitu ndani. Haliulizwi kwa kunong'ona; linaulizwa kama "nikufungie au utatembea nayo?" Risiti ya mkono, kwa biashara hii, ni barua ambayo fundi anajiandikia mwenyewe. Ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ina jina la duka, namba yake ya mlipakodi (TIN) na kiasi, na sheria inamtaka mnunuzi aidai. Fundi anayejua utaidai anakuwa na nafasi ndogo ya kucheza. Siyo dawa ya kila kitu, lakini ile ya muhuri usiosomeka haikutufaa hata kidogo tulipotaka kurudi dukani.

Gharama ya ukweli ilikuwa hivi: kupima elfu thelathini, mota sitini na tano, mpira tatu, kulanti ishirini na nne baada ya kusafisha maji ya dumu yaliyokuwemo, ufundi ishirini na tano. Laki moja na arobaini na saba elfu. Na huyu wa Sinza naye si malaika. Mwishoni alijaribu kutuuzia kusafisha nozo za petroli. Nikamwambia gari halijakohoa, akacheka, akaacha.

Sasa kuhusu hatia, maana ndugu zangu wengine walipoisikia habari hii walitaka polisi siku hiyo hiyo. Mimi siyaweki yote kwenye kapu moja. Kutoa themostati ni ujinga uliorithiwa, na pesa yake ningeisamehe. Gasketi ni kubahatisha: gari likichemsha mara tatu, hedi ya alumini inaweza kupinda kweli, kwa hiyo hakuokota jina hewani. Ila tazama ubaya wake. Kila jioni aliyomwachia dada arudi kwenye foleni bila feni, alikuwa anaitengeneza gasketi mbovu aliyokuja kuitabiri. Wiki moja zaidi na angekuwa mkweli. Kwenye pampu ndipo alipovuka mstari. Kupokea pesa ya kifaa na kazi ambayo haikufanyika ni udanganyifu, na hata Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, kifungu cha 15, inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumlaghai mteja. Dada naye ana sehemu yake ndogo. Alilipa akiwa mbali, na hakuuliza neno linalogharimu bure: ya zamani iko wapi?

Neno hilo aliliuliza mwenye gereji. Tulikwenda Jumapili jioni, mimi na dada, hatukupiga kelele. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, karibuni." Nikamwonyesha kipande cha boksi na video. Fundi akaitwa. Akasema pampu alimpa dogo aifunge, yeye alikuwa na gari lingine. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza taratibu, "Na ya zamani iko wapi?" Fundi akaangalia chini. Dogo hakuwepo, wala hakuna aliyependekeza aitwe. Mzee akasema elfu tisini na tano zitarudi, na zilirudi kwa simu: hamsini Jumatatu, arobaini na tano Ijumaa. Elfu arobaini za ufundi akasema fundi atazileta mwenyewe.

Polisi dada alikataa katakata, na wazo la kwenda Tume ya Ushindani nalo halikumsisimua. Mke wa fundi wako naye kikoba kimoja. Kila Jumamosi ya mkutano, mama huyo akishaweka hisa zake humsogelea dada na kumwambia, "Ile ya arobaini tunaikumbuka, madamu." Dada humjibu kwamba hana haraka. Huu ni mwezi wa nne.